Mapacha kwenye kopo la tumbaku

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwenyeji wa Tanga, mwaka wa tisa sasa naishi Norwich, Uingereza, pamoja na mume wangu na watoto wawili. Nyumba ya pili kutoka kwetu alikuwa akiishi mzee wa Kiingereza, mjane, tuliyezoeana kwa chapati. Nikipika Jumamosi nampelekea mbili, naye ananisimulia habari za mashamba aliyoyazunguka miaka na miaka na mashine yake ya kunusia madini, ile inayolia ikipita juu ya chuma au fedha iliyofukiwa.

Mwezi uliopita binti yake alikuja kumchukua akakae naye, mbali kidogo na hapa. Siku ya kuondoka mzee alinitia mkononi kopo la tumbaku, akasema ni langu, nisibishe. Ndani nilikuta sarafu saba. Aliniambia nyingine kazitoa ardhini mwenyewe, nyingine kazinunua, ila kipi ni kipi kumbukumbu imeanza kumchanganya.

Ngoja nikueleze nilichokiona. Mbili ni nzuri kuliko zote, za Malkia Elizabeth yule wa kale, ua la waridi nyuma ya kichwa na mwaka 1568. Zinafanana kama mapacha: hata ufa mdogo ukingoni uko pale pale, na pua ya malkia imelika sawasawa. Ya tatu ni ya malkia huyohuyo, 1592, imepindwa kama herufi S. Mbili ni ndogo, nyembamba kama magamba ya samaki, zina msalaba na vitone vitatu vitatu kila pembe. Ya sita si sarafu, ni kipande cha nusu duara, nilitaka kukitupa. Ya saba ilikuwa nyeusi tii, ina mfalme mnene mwenye ndevu anayekukodolea macho.

Sasa shida ilipoanzia. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ni mtu wa kujua kila kitu. Alikuja siku hiyohiyo, akaichukua ile nyeusi, akaisugua kwa ndimu na majivu kama anasugua sufuria ya Idi. Ikang'aa, halafu puani na shavuni kwa mfalme ikatoka rangi nyekundu ya shaba. Akaitupa mezani: "Feki hiyo!" Akasema hata ile ya 1592 ni feki, kwa sababu imeandikwa FR, na Ufaransa inaingiaje kwenye hela ya Mwingereza? Kwake yeye za kweli ni mapacha tu. Amekwisha kuzipiga picha na kumtumia mtu Dubai kwenye WhatsApp, na mtu huyo anataka zote mbili. Ile iliyopinda anataka ainyooshe kwa koleo tuiuze rahisi.

Mume wangu amekaa kimya, ndugu yake huyo. Mimi nilitaka Desemba nimpelekee mama Tanga kopo lote kama lilivyo, liwe kumbukumbu. Niambie Mjomba, ni za kweli au si za kweli? Na nifanye nini na shemeji?

Mpwa wako, Norwich

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nilikwama mahali pamoja, kwenye mapacha. Shemeji amezigeuza sarafu zako kichwa chini miguu juu. Alizoziita za kweli ndizo zinazonitia wasiwasi, na alizozitupa ndizo ningeomba nizishike.

Kabla ya 1662 hela za Uingereza, ukiacha majaribio machache, zilipigwa kwa mkono. Fundi aliikita chapa ya chini kwenye gogo, akaweka juu yake kisahani cha fedha kilichokatwa kwa mkasi, akashika chapa ya pili kwa mkono wa kushoto, akashusha nyundo. Kisha kingine. Kisha kingine, mpaka jioni. Chapa moja iliweza kuzaa sarafu maelfu, kwa hiyo uso wa malkia na herufi zinaweza kulingana kabisa kati ya sarafu mbili. Lakini kisahani hakilingani na mwenziwe. Hiki kimekaa katikati, kile kimeponyoka upande, hiki kimepasuka kwa kishindo, kile kimebaki kizima. Halafu kila kimoja kimekwenda kwenye mfuko wake, kikalika kivyake miaka mia nne. Nyundo haiwezi kupasua visahani viwili mahali pamoja, na mifuko miwili haiwezi kuichakaza pua ya malkia kwa kipimo kimoja.

Kwa hiyo ufa ulio pale pale maana yake ni kalibu. Mtu alichukua sarafu moja, akaikandamiza kwenye kitu laini, akapata umbo, akamimina madini ndani yake. Ufa wa mama ukarithiwa na mtoto, pamoja na pua.

Najua uchungu wake. Miaka niliyokaa nyuma ya kaunta ya duka la sarafu London nilijinunulia, kwa mshahara wangu, peni moja ya Mfalme Stephen, na kila chakula cha mchana niliitoa kwenye bahasha kuitazama. Ilikuwa na kijipengo kama ng'ombe aliyekatwa sikio. Miezi mitatu baadaye nikaenda kutazama bidhaa za mnada, nikafungua trei, nikamkuta ng'ombe yuleyule, sikio lilelile. Yangu ilikuwa mfukoni. Niliziweka mbili kwenye kiganja nikahisi tumbo linashuka. Aliyeniuzia alinicheka, akasema nami nimo kazini, ilikuwaje nisione? Alisema kweli. Sarafu moja peke yake inaweza kukudanganya kwa miaka. Zinapokutana ndugu ndipo siri inatoka. Wewe una bahati ndugu wamekutana kwenye kopo moja.

Hata hivyo usiziite feki zote mbili bado. Huenda moja ni mama na nyingine ni mtoto. Madini yakipoa kwenye kalibu hunywea, kwa hiyo mtoto huwa mdogo kuliko mama kwa unywele. Tafuta mizani ya sonara, ile inayosoma gramu mpaka tarakimu mbili baada ya nukta. Ya jikoni haifai kitu. Sarafu hiyo ilikuwa ya peni sita, nusu shilingi, yaani sumni kama tulivyoijua kwetu, na ilipotoka kwa malkia ilikuwa gramu 3.1. Iliyolika au kupunguzwa ukingoni hushuka, lakini ikizidi hapo sana, au ikiwa gramu mbili na kidogo huku imenenepa, uliza maswali.

Halafu maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha namba iwe sifuri, ifunge sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe ikiwa inaning'inia bila kugusa kikombe. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Chukua uzito wa sarafu ikiwa kavu, gawanya kwa namba hiyo. Fedha ya kiwango chao, sehemu 92.5 kwa mia, hutoa kama 10.3. Bati hutoa 7 na kidogo, na bati ndilo linalotengenezewa vile vya kuuzia watoto wa shule kwenye maduka ya makumbusho. Sumaku usihangaike nayo. Haivuti fedha, haivuti bati, haivuti shaba wala risasi; itakamata chuma, na mwongo anayetumia chuma siku hizi ni mwongo mvivu.

Baada ya hapo shika lenzi ya sonara, ile ya kukuza mara kumi, simama dirishani, tazama herufi. Kwenye sarafu iliyopigwa nyundo madini yamekimbia kuelekea ukingoni, utaona michirizi midogo imevutika chini ya herufi kama unga uliosukumwa na kiganja. Iliyomiminwa ina herufi za mviringo laini, kama zilizochorwa kwenye sabuni iliyooga mtu mara tatu. Kati ya herufi kuna vijitundu au vipele vya hewa iliyonaswa. Na ukingo, huko ndiko wanakosahau: zungusha taratibu, tafuta mshono, au mikwaruzo ya tupa mahali mshono ulipofutwa.

Sasa huyu mfalme mnene aliyeogeshwa kwa ndimu. Shemeji kaona shaba akasema feki, na kwa sarafu nyingi za zama hizo ningemuunga mkono, maana wezi wa wakati ule walivika shaba ngozi nyembamba ya fedha, na kosa hilo lilikuwa uhaini tangu sheria ya 1351. Lakini mwenye ndevu anayekutazama usoni namdhania Henry VIII, baba yake Elizabeth, katika miaka yake ya mwisho. Huyu vita na anasa vilimmaliza hazina. Kuanzia 1544 akaanza kuichanganya fedha na shaba, mwaka hadi mwaka, mpaka kufika 1546 fedha ndani ya hela yake ilibaki theluthi moja. Sarafu zilitolewa na rangi ya fedha juu, zikipita mikononi pua ya mfalme, ndiyo iliyoinuka zaidi, ikawa ya kwanza kulika na kuonyesha shaba. Wananchi wakampachika jina la Pua ya Shaba. Kwa hiyo pua nyekundu kwa mfalme huyu ni alama ya kuzaliwa, na mghushi mkuu alikuwa mfalme mwenyewe! Ukiipima kwa maji usitegemee 10.3. Ikiwa ni ya mchanganyiko mbovu kabisa itatoa 9 na nusu hivi, na jibu hilo litanifurahisha.

Ila ndimu imeiumiza, hilo halifichiki. Ule weusi ulikuwa ngozi iliyoota kwa karne nne na nusu, na mnunuzi anayejua huilipia. Ioshe kwa maji yaliyochemshwa mvuke na kupozwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri na pasi, ifinye kwa kitambaa laini bila kusugua, iache. Usijaribu kuipaka chochote ili iwe nyeusi tena.

Kile kipande ulichotaka kukitupa, mwanangu, kifungie bahasha yake peke yake. Hakikuvunjika. Peni moja ilikuwa hela kubwa kwa mtu wa sokoni, na chenji ilikuwa mkasi: kata katikati upate nusu peni, kata tena upate robo, ukifuata mistari ya msalaba. Mpaka Edward I alipoanza 1279 kutoa nusu na robo za mviringo, hiyo ndiyo ilikuwa sarafu ndogo ya watu. Tazama msalaba wake. Nadhani utaona mikono yake ina mistari miwili miwili. Ikiishia ndani ya duara la vitone, ni ya kati ya 1180 na 1247. Ikifika mpaka ukingoni, ni ya baada ya hapo. Waliurefusha makusudi, kwa sababu watu walikuwa wakizinyoa sarafu kingo na kuyeyusha vinyoleo; msalaba ukikosa ncha, kila mtu anaona umenyolewa. Na ukisoma HENRICVS kwenye ule wa zamani usiwe na hakika kwamba ni Henry. Jina hilo waliliacha kwenye chapa hata alipotawala Richard, hata alipotawala John, wana wa Henry II hao, wakirithishana kiti bila kujali jina lililoko kwenye hela.

Zile mbili nyembamba zenye vitone vitatu kila pembe nadhani ni peni za akina Edward. Zungusha usome: upande wa kichwa EDW na vifupisho, upande wa msalaba CIVITAS LONDON, au CANTOR kwa Canterbury, au mji mwingine. Gramu 1.4 ikiwa nzima. Zilitolewa kwa wingi ajabu, kwa hiyo hata za kweli bei yake ni makumi ya pauni, si maelfu. Nakwambia mapema ili asitokee mtu kukuahidi nyumba Kigamboni.

FR nisipite bila kuijibu, maana shemeji ataisubiri. ELIZABETH D G ANG FR ET HIB REGINA ni kifupi cha Kilatini: kwa neema ya Mungu malkia wa Uingereza, Ufaransa na Ireland. Wafalme wao waliendelea kujiita wa Ufaransa hata baada ya kuipoteza Calais, mji wao wa mwisho kule, mwaka 1558. Elizabeth aliukuta umeshakwenda, jina akaliweka. Sarafu ya aina hiyo isiyo na FR ndiyo ingenishtua. Na mwanzoni mwa maandishi, juu ya taji, tafuta alama ndogo. Kwa 1592 iwe mkono au pipa. Alama hizi zilibadilishwa kila baada ya muda ili kujua kazi ya kipindi kipi ilikuwa pungufu, na mghushi asiyesoma huchanganya alama ya kipindi hiki na mwaka wa kipindi kile. Mapacha wako, kwa 1568, wawe na taji dogo.

Koleo liwe mbali na ile iliyopinda. Kupinda sarafu ilikuwa desturi yao. Zamani za Ukatoliki walipinda peni wakiweka nadhiri kwa mtakatifu ili mgonjwa apone. Baadaye walipinda wakapeana kama ahadi ya mapenzi. Ukiinyoosha, fedha ya zamani imekauka, inakatika kama biskuti.

Nakuja kwenye jambo linalonisumbua kuliko mapacha. Mzee yu hai, anakumbuka nusu, na kesho atakumbuka robo. Mpigie simu. Muulize kila moja: shamba gani, mwaka gani hivi, ya nani ile ardhi, alikuwa na ruhusa? Zile peni mbili na nusu peni, zilitoka shimo moja au siku mbalimbali? Sheria yao ya 1996 inasema sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha, zenye miaka zaidi ya 300, zikipatikana pamoja ni hazina, na aliyezipata alitakiwa kuripoti kwa mchunguzi wa serikali ndani ya siku 14. Moja moja kwa kawaida haziingii humo. Mwenye shamba naye ana neno lake. Kwa hiyo swali la kama ni mali yako linakuja kabla ya swali la bei. Mwombe binti yake aandike majibu, mzee atie sahihi na kukiri kwamba amekupa zawadi.

Kisha chukua kopo na karatasi uende kwa ofisa wa kaunti anayepokea vitu vilivyookotwa ardhini. Karibu kila kaunti ya Uingereza ina wake, mpango wote unasimamiwa na British Museum, na hutoi senti. Norfolk kwenu wamezoea, wakulima na wenye mashine wanawaletea vitu kila wiki. Atazishika, atazipima, atazipiga picha na kuziandika kwenye daftari lao la mtandaoni. Atakayetazama mapacha kwa macho yake ni huyo. Mimi nimesoma barua tu, sijagusa kitu.

Mtu wa Dubai asimamishwe leo. Shemeji akiuza mapacha kwa jina la Elizabeth huku wewe umeshaambiwa haya, mnakuwa wauzaji wa bandia, na picha zenyewe ziko kwenye simu yake. Naye si mgeni wa mambo haya, nyumbani amewaona vijana wanaohangaika na "mali ya Mjerumani", wakiuziana ile sarafu ya tembo iliyopigwa Tabora 1916, tena zilizomiminwa juzi gereji. Mume wako ndiye wa kuongea naye, wawili wao, bila wewe kuwepo. Mwambie mume asianze na habari ya feki. Aanze na hii: mzee alimpa zawadi mke wangu, na zawadi haipigwi mnada na mgeni.

Kuhusu Tanga, Desemba ni mapema. Kilichotoka kwenye ardhi ya Uingereza kinaweza kuhitaji kibali cha kukitoa nje, na kibali hutolewa na Arts Council England. Muulize ofisa siku hiyohiyo utakapompelekea. Mpaka hapo kila sarafu ikae kwenye bahasha yake ndogo ya karatasi, si kwenye zile nailoni laini zinazonukia kama pazia la bafuni, hutoa utomvu wa kijani unaokula fedha. Shika ukingo, si uso.

Niandikie ukishapima mapacha. Nataka namba mbili za mizani na namba mbili za maji, nitakujibu yupi mama. Na ndimu zilizobaki mwambie shemeji aje tule na samaki.

Mjomba